Mpe Sekunde 30 Kwanza!

Kuna maneno matatu ambayo kila aliyewahi kupiga simu kwenye ofisi yoyote nchini anayajua kwa moyo: "Tafadhali subiri kidogo." Hiyo 'kidogo' sasa ndiyo yenye mambo! Inaweza kuwa sekunde kumi, inaweza kuwa bando lako lote la siku.

Mimi naishi kwa hiyo 'kidogo'. Ni fundi wa mitambo ya simu za maofisini, mzaliwa wa Ibaba kule milimani wilayani Ileje, ila maisha yangu ni Tunduma. Kazi yangu ni kupanga foleni za simu. Simu kumi zikiingia kwa mpigo na ofisi ina opereta wawili, mimi ndiye ninayeuambia mtambo nani aanze, nani asubiri, asubiri muda gani na asikie nini wakati anasubiri. Na mwanamke niliyemuoa ni opereta wa suichibodi. Yaani nyumba moja, mmoja anazijenga foleni, mwingine anazimaliza. Usicheke, mpenzi msomaji. Kwenye foleni hizo tumejifunza mambo ya ndoa ambayo hata siku ya kitchen party hakuna shangazi aliyeyagusa.

Foleni ni nini hasa?

Mtu wa Tunduma humfundishi foleni. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamekuwa yakijipanga hapa miaka nenda rudi, na hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, neno foleni halijatoka midomoni mwa watu. Dereva anajua: wa kwanza kufika, wa kwanza kupita, na mwenye haraka zake atafute subira.

Foleni ya simu ni hiyohiyo, ila haionekani kwa macho. Zamani suichibodi ilikuwa sanduku la mbao lenye matundu na nyaya. Opereta anachomeka waya huku, anauchomeka kule, watu wawili wanaongea. Wazazi wetu wanakumbuka enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, unakwenda posta, unaandikisha namba, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe. Benchi lile ndilo lilikuwa foleni yenyewe.

Siku hizi kompyuta moja ya kawaida inatosha kuwa suichibodi ya ofisi nzima. Mmarekani mmoja, Mark Spencer, aliandika programu iitwayo Asterisk mwaka 1999 na kuitoa bure, na mafundi wengi wa size yangu tumekulia humo. Simu inaingia, mtambo unapokea, unampa mpigaji muziki, unamtafuta opereta aliye huru. Fundi anachagua utaratibu. Unaweza kuamuru simu zote za opereta zilie kwa pamoja, mwenye mkono mwepesi apokee. Unaweza kuamuru apewe yule aliyekaa muda mrefu bila simu. Unaweza kuamuru wapokezane kwa zamu, au apewe aliyepokea chache kuliko wenzake.

Unaona ni mambo ya kiufundi tu? Subiri. Ukiziliza zote kwa pamoja, katika wiki mbili tu utawajua watu wa ofisi ile. Mwenye bidii atapokea yeye, yeye tena, na yeye tena, huku mwenzake anapaka kucha rangi. Mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Sasa niambie, ni nyumba ngapi unazozijua zinaendeshwa kwa utaratibu huo? Mtoto akilia usiku, kengele inalia kwa wote wawili, lakini anayeamka ni mmoja kila siku. Mimi ofisini huweka zamu, kwa anayekaa muda mrefu bila simu. Nyumbani pia.

Mzika maiti na bwana asiyeoa

Kazi ya opereta ilianza kuwa ya wanawake tarehe 1 Septemba 1878, pale Emma Nutt alipoajiriwa mjini Boston, Marekani. Kabla yake walikuwa wakiajiriwa vijana wa kiume, na vijana wale walikuwa watukutu, wanawajibu wateja ovyo. Emma alikuwa na sauti tulivu na subira. Tangu hapo dunia nzima ikaamini kwamba subira ni mali ya mwanamke, haihitaji malipo wala mapumziko. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, na tutalifikia.

Kuna kisa kingine nakipenda. Almon Strowger alikuwa mzika maiti kule Kansas City. Inasimuliwa kwamba biashara yake ilidoda kwa sababu opereta wa mji ule alikuwa mke wa mzika maiti mshindani wake. Mfiwa akiomba aunganishwe na Strowger, mama yule anamuunganisha na mumewe! Strowger akakasirika, akabuni mtambo usiohitaji opereta kabisa, akapata hataza yake mwaka 1891. Kwa hiyo, mabibi na mabwana, simu za kujipigia wenyewe huenda zimetokana na mke aliyempenda mumewe kupita kiasi.

Lakini aliyeugusa moyo wangu ni Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Yeye alijiuliza swali ambalo kila bosi anapaswa kujiuliza: kwa simu nyingi kiasi hiki, niweke opereta wangapi? Mwaka 1909 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu hesabu hizo, na mpaka leo mzigo wa simu unapimwa kwa kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Bwana huyu hakuoa, aliishi na kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1929. Hata hivyo hesabu yake imeniokolea ndoa.

Nakupa mfano, nao ndio kiini cha habari yote hii. Chukua ofisi inayopata simu 30 kwa saa wakati wa pilika, na kila simu inamchukua opereta dakika tatu. Hizo ni dakika 90 za kazi ndani ya saa moja. Opereta mmoja hawezi, ana dakika 60 tu. Wawili wana dakika 120, kwa hiyo bosi anasema: "Wanabaki na dakika 30 za kupiga soga!" Kwenye karatasi, kweli. Lakini simu haziji zimepanga mstari kama watoto wa chekechea. Zinakuja tano kwa mpigo, halafu kimya, halafu nne tena. Ukipiga hesabu ya Erlang, kwa opereta wawili hao mpigaji atasubiri kwa wastani karibu dakika nne. Ongeza opereta wa tatu, na wastani unashuka mpaka sekunde 28. Siyo unapungua kwa theluthi, hapana. Unaporomoka kabisa!

Rudia kusoma hapo. Watu wawili wanaonekana kutosha, na wanakufa kwa kazi. Mtu mmoja akisogea kusaidia, hata kwa saa mbili tu, mambo yanakuwa tofauti kabisa.

Sifuri

Mwaka 2021 nilipewa kazi ya kufunga mtambo mpya kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, jina nalihifadhi. Ndipo alipokuwa akifanya kazi mke wangu, na bosi alilijua hilo tangu siku ya kwanza, nilimweleza mwenyewe kabla ya kusaini. Opereta walikuwa wawili, yeye na mdada mmoja mwenye sauti nzuri kama mtangazaji wa redio. Simu zao usizichukulie poa. Dereva yuko Nakonde, karatasi zimekwama. Tajiri wa mzigo yuko Lubumbashi, anaongea Kiswahili cha Kongo kwa kasi ya treni. Mzee wa kijijini anatafuta mwanawe aliye utingo. Mke wangu anajua Kinyamwanga, lugha inayovuka mpaka huu bila pasipoti, kwa hiyo wenye Kinyamwanga chao wote walikuwa wanamngoja yeye.

Kwenye mitambo hii kuna mpangilio mmoja mdogo ambao wengi hawaugusi. Ni muda wa kupumua: sekunde ambazo mtambo unamwacha opereta baada ya kukata simu, kabla ya kumsukumia nyingine. Kwenye Asterisk, usipouandika mwenyewe, unakuwa sifuri. Sifuri! Opereta anakata simu, kabla hajameza mate, inalia tena. Mimi huweka sekunde 30. Ndani ya sekunde hizo anaandika namba ya gari, jina la mtu, nani arudishiwe simu na saa ngapi, na anavuta pumzi.

Wiki ya pili bosi akaniita.

"Fundi, hizi sekunde 30 za nini? Wanalala?"

"Hapana bosi, wanaandika na kupumua."

"Kupumua si wanapumua hata wakiongea? Weka sifuri."

Nikamweka chini na karatasi. Nikamwambia maongezi yenyewe ni dakika mbili na nusu, ukijumlisha nusu dakika ya kuandika ndiyo dakika tatu. Ukiondoa hiyo nusu dakika, hesabu inasema wateja watasubiri dakika moja na nusu hivi badala ya karibu nne. Akacheka, akapiga meza.

"Si unaona? Umeshajijibu mwenyewe!"

"Bosi, hiyo ni kama karatasi hazihitaji kuandikwa na hawa dada hawachoki. Nipe mtu wa tatu saa tatu mpaka saa tano asubuhi tu, na sekunde zao zibaki. Watasubiri chini ya nusu dakika."

Alisema atafikiria. Mtambo ni wake, hela ni zake. Sifuri ikawekwa.

Unajua kilichotokea? Zile sekunde 30 hazikufutika, zilihama. Opereta alipokea simu inayofuata, akamwambia mpigaji "Tafadhali subiri kidogo," huku anaandika mambo ya yule aliyepita. Mpigaji analipia kungoja kalamu ya mtu mwingine! Simu za dakika mbili na nusu zikarudi kuwa za dakika tatu, na foleni ikawa ndefu vilevile. Zaidi ya hapo, namba za magari zikaanza kuandikwa kwa makosa, hivyo dereva anapiga mara ya pili, ya tatu, kuulizia jambo lilelile. Simu zikaongezeka.

Hili nataka ulishike, msomaji wangu. Pumziko ukilinyima mahali linapostahili halipotei. Litakwenda kudaiwa mahali pengine, na mara nyingi anayelipa si aliyelinyima.

Na sisi nyumbani ndio tulianza kulipa.

"Sijanuna, nimejaa"

Fikiria kazi zetu zilivyo. Mimi nashinda juu ya dari na nyaya, mchana kutwa sina wa kuongea naye zaidi ya bisibisi. Nikirudi jioni nimejaa maneno, nataka kusimulia. Mwenzangu ametoka kuwaambia watu "karibu, nikusaidie nini" tangu asubuhi, kwa sauti ya tabasamu, hata kwa wale wanaomtukana. Anarudi hana hata neno moja la akiba. Mimi nasema, yeye "mmh". Watoto wanamrukia na madaftari, yeye "mmh". Nauliza kama kodi ya nyumba ameshatuma, yeye "mmh". Kwa mtu asiyejua, huyo mwanamke ana mtu wake huko nje!

Jioni moja alikaa kwenye stuli jikoni, hajavua hata viatu, akaniambia taratibu: "Baba, nikiingia ndani nipe nusu saa. Usiniulize kitu. Sijanuna. Nimejaa."

Nilimwelewa palepale, kwa sababu lugha hiyo ni ya kazi yangu. Foleni ikijaa huongezi simu, unaizuia kwanza ipungue. Tukapanga utaratibu wa nyumba. Akifika, watoto wanamsalimia, "Shikamoo mama", "Marahaba wanangu", basi. Anaoga, anakaa kibarazani, anakunywa chai yake. Habari za ada, za ndugu anayeomba hela, za gesi kuisha, zinangoja. Yeye mwenyewe ndiye anayefungua mazungumzo. Siku nyingine anamaliza dakika 15, siku nyingine inafika saa nzima. Na kwangu mimi ninayerudi na maneno, yeye akanipa haki yangu: akishapoa, simu ya mkononi inakaa kabatini na ananisikiliza mpaka mwisho, hata kama habari yenyewe ni panya aliyekula waya wa mteja.

Lakini kulikuwa na simu moja ambayo utaratibu wetu haukuifikia. Ilitoka Ibaba.

Mama na mashine ya kusaga

Utotoni mwangu simu ilikuwa kitu cha mjini. Hata mitandao ya mkononi ilipoanza kufika maeneo yetu, mtu wa Ibaba alikuwa anajua kilima gani apande na asimame jiwe gani ili alama mbili zitokee kwenye kioo. Kwa hiyo kwa mama yangu, mtu akishapata mtandao hafanyi mchezo. Anasalimia kikamilifu. Anauliza wewe, watoto, kazi, jirani, na kama mvua imenyesha. Kisha anakupa za kwake: viazi, ng'ombe, baridi, na nani kafariki. Wazungu walioandika vitabu vya kupanga foleni hawakumjua mama yangu. Kwetu, shida haitajwi mpaka "Shikamoo" na "Marahaba" zimekwisha, na opereta anayeruka salamu ya mzee hajaokoa muda, amejenga ugomvi. Ndiyo maana nikipima urefu wa simu za ofisi za huku, salamu nazihesabu ndani.

Sasa mama alikuwa anapiga saa moja jioni, dakika ileile mkwe wake ameingia mlangoni. Mkwe atakataaje? Anapokea. "Shikamoo mama." Sauti kama ya mtu aliyeamshwa. Mama anauliza hivi, jibu moja. Anauliza vile, jibu moja. Baada ya miezi michache maneno yakanifikia kupitia kwa shangazi: "Mkwe wenu siku hizi anaringa. Amekuwa mtu wa ofisi, mama anamwona si saizi yake."

Wanandoa mnaosoma hapa mnajua uzito wa sentensi hiyo. Nyumba nyingi zimevunjika kwa ndogo kuliko hiyo! Mke wangu alilia. "Mimi nampenda mama yako, lakini nikimpokea akiwa mtu wa mia wa siku ile, atanionaje?" Akaongeza kitu kilichonichoma: "Wateja nawapa sauti nzuri kwa sababu nalipwa. Mama yako anapata makombo."

Siku ya mapumziko nikapanda gari mpaka Ibaba. Sikutaka kulimaliza kwa simu. Tukakaa jikoni karibu na moto, kule baridi haina utani, nikamweleza mama kazi ya mkwe wake jinsi ilivyo. Mwanzoni hakunielewa.

"Mwanangu, kuongea nako ni kazi ya kumchosha mtu? Si amekaa kwenye kiti?"

Nikamwambia achukulie watu wote wa kijiji, kila mmoja anakuja na shida yake, mmoja akitoka mwingine ameshaingia, na wote anatakiwa awapokee kwa uso mmoja kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akanyamaza, akasukuma kuni ndani. Kisha akasema mwenyewe:

"Kumbe ni kama ile mashine ya kusaga. Ikisaga mfululizo unga unatoka wa moto. Ukiufunga mfukoni hivyohivyo, unaharibika."

"Ndiyo hivyo mama."

"Basi mniambie anapoa saa ngapi."

Hakuna semina ya ndoa iliyowahi kunipa sentensi kama hiyo. Tukakubaliana simu za katikati ya wiki ziwe baada ya chakula cha usiku, na Jumapili mchana wawili hao waongee mpaka wachoke wenyewe. Tangu hapo mama akipiga, kabla ya mvua na ng'ombe, anaanza na swali moja: "Mkwe wangu, umeshapoa?" Na siku ambazo hajapoa, mwenzangu anajibu kweli, wanacheka, simu inakatwa, hakuna aliyedhulumiwa.

Anayesubiri anataka kujua

Hapa kuna jambo la upande wa pili, maana na anayesubiri naye ni binadamu. Mwaka 1985 msomi mmoja, David Maister, aliandika kuhusu saikolojia ya kungoja. Alionyesha kwamba kungoja usikojua mwisho wake kunahisiwa kuwa kurefu kuliko kungoja kwa muda uliotajwa, na kungoja bila kuelezwa sababu kunauma kuliko kungoja ukiwa umeelezwa. Ndiyo maana mtambo mzuri unasema: "Wewe ni wa tatu kwenye foleni." Dakika ni zilezile, ila moyo unatulia.

Kwa huku kwetu kuna la ziada. Mtambo ukishapokea, dakika za mpigaji zinaanza kuliwa, hata kama anasikiliza muziki tu na opereta hajasema haloo. Kwa mtu mwenye bando la hela ya mboga, foleni ya dakika nne ni hasara. Ndiyo maana huwaambia wenye ofisi waache simu ilie mara kadhaa kwanza kabla ya mtambo kupokea, na ikizidi muda fulani, mpigaji abonyeze namba, akate, arudishiwe simu kwa gharama ya ofisi. Na wale wanaobipu msiwapuuze. Ile tabia iliyotamba sana miaka ya 2000 haijafa. Kwenye ripoti ya mtambo inaonekana kama simu zilizokatwa mapema, lakini kila bipu ni mtu mwenye shida asiye na salio.

Na nyumbani je? "Nitachelewa" ni muziki wa foleni, unamwacha mwenzako hajui yuko wa ngapi. "Nitafika saa mbili usiku, nina mteja Mlowo" ni taarifa. Vilevile mke wangu haniambii tu "niache". Ananiambia "nusu saa". Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayeambiwa "niache" anajiuliza ameachwa mpaka lini. Anayeambiwa "nusu saa" anakwenda kumenya ndizi.

Bosi naye?

Ofisini mambo yalichukua muda. Yule mdada wa sauti ya redio aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha, akahamia Mbeya. Siku ya mwisho alisema kwamba nyumbani kwake alikuwa ameanza kuogopa hata mlio wa simu yake mwenyewe. Bosi akapata opereta mpya asiyejua dereva yeyote kwa sauti, na foleni ikawa ndefu kuliko zamani. Hapo ndipo aliponipigia: "Fundi, njoo na ile karatasi yako." Dada wa mapokezi akaanza kukaa kwenye suichibodi saa tatu mpaka saa tano asubuhi, na sekunde 30 zikarudi mahali pake. Hatukufanya sherehe. Bosi hakusema samahani, na mdada yule hakurudi. Lakini mke wangu alianza kurudi nyumbani akiwa na maneno kidogo ya akiba, na kwangu hicho ndicho kipimo.

Watu huniuliza kwa nini sikumshauri aache tu kazi. Kwa sababu anaipenda! Anamjua dereva aliyefiwa kwa namna anavyosema haloo. Mtu mwenye kipaji hicho kinachomfaa ni kupumua tu, kazi abaki nayo.

Jaribuni wiki hii

Sasa na nyie, kabla hamjalifunga gazeti hili, fanyeni hesabu ndogo. Kaeni chini wote wawili, kila mmoja aseme anaporudi nyumbani anakuwa amejaa au ni mtupu. Mwalimu, nesi, muuza duka, karani wa benki, hao wote wanatoka kutoa maneno mchana kutwa. Fundi, dereva wa masafa, mhasibu aliyejifungia na kompyuta, hao wanarudi wana kiu ya kuongea. Hakuna mkosaji hapo. Ni foleni mbili zenye mwendo tofauti, zinahitaji kupangwa.

Tajeni muda, msiseme tu "baadaye". Pokezaneni, asiwe mmoja wa kuamka kila kengele ikilia. Na wakati wa pilika, mtoto mchanga, mgonjwa ndani, mtihani, au mwezi wa mavuno ya wakwe, tafuteni mtu wa tatu mapema: dada, mdogo wako, jirani. Msingoje mpaka wawili muwe hoi, kwa sababu hesabu ya yule bwana wa Copenhagen haidanganyi: kati ya wawili wanaoelemewa na watatu wanaomudu, pengo ni kubwa ajabu, na gharama yake ni saa mbili za mtu mmoja.

Na akiingia mlangoni leo jioni na uso wake wa uchovu, usianze na ada. Msalimie, mpishe. Mpe sekunde zake 30.